Je, mtangulizi ni lazima awe marehemu?

Msomaji mmoja, ambaye hivi karibuni amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ameuliza swali ambalo nimelipokea kwa furaha, kwa sababu linahusu neno tunalolitumia kila siku bila kulipima. Anaeleza kwamba alipokuwa akisoma taarifa yake ya kwanza katika mkutano mkuu alimshukuru "mtangulizi wangu", akimkusudia mwenyekiti aliyemaliza muda wake, ambaye alikuwa ameketi safu ya mbele. Baada ya mkutano, mzee mmoja wa bodi alimwita pembeni akamwonya kwamba amemzika mwenzake angali hai, kwa kuwa mtangulizi ni mtu aliyetangulia mbele ya haki. Msomaji anataka kujua kama kweli alikosea, na neno hilo linatofautiana vipi na mhenga, mwasisi na mstaafu. Anauliza pia kama chama nacho kinaweza kuitwa mtangulizi wa chama kingine, na kama ubao wa majina ya wenyeviti wote, ambao wanakusudia kuutundika ofisini, unafaa kupewa kichwa cha "Watangulizi Wetu".

Ndugu Mwenyekiti, hukukosea. Mtangulizi ni mtu aliyeshika nafasi, aliyepita njia au aliyefanya jambo fulani kabla ya mtu mwingine, na ndani ya neno lenyewe hamna habari ya kufa wala ya kuishi. Hata hivyo, mzee wako hakuliokota onyo lake hewani. Nitaeleza lilikotoka, kwa sababu ukijua sikio lake lilisikia nini utajua pia namna ya kuandika sentensi isiyomshtua mtu yeyote ukumbini.

Kitenzi tangulia, katika maana yake ya kwanza, ni kitenzi cha mwendo. Watu wanaopita njia nyembamba ya shambani hawawezi kwenda sambamba. Mmoja hutangulia na wengine hufuata, na anayetangulia ndiye anayelowa umande na ndiye anayemwona nyoka kwanza. Tunapomwambia mwenzetu "tangulia, nitakukuta", tuna hakika kwamba tutamkuta mzima, na pengine ameshaagiza chai. Methali isemayo "kutangulia si kufika" nayo humhusu mtu aliye hai na ambaye bado yuko safarini, kwani kama angekuwa amekwisha kufika, onyo hilo lisingekuwa na kazi. Kutokana na mwendo huo wa miguu ndipo tulipopata kutangulia kwa wakati, kama tunaposema kwamba mvua ilitanguliwa na upepo mkali, kisha kutangulia katika cheo, ambako ndiko neno lako lilipo.

Kuhusu umbo la neno, wapo wanaoiona z iliyomo katika mtangulizi na kudhani kwamba nomino hii imetokana na tanguliza, yaani kukifanya kitu kiwe mbele, kama tunaposema kiongozi fulani anatanguliza maslahi ya wanachama. Sivyo. Mtangulizi ni ndugu wa mnunuzi, mchukuzi, mtembezi, msimamizi na msaidizi, maneno yaliyotokana na nunua, chukua, tembea, simamia na saidia, na hakuna hata moja kati ya hayo linalodai kitenzi chenye z. Vitenzi vya aina ya nunua na chukua vilikuwa zamani na sauti l kabla ya irabu ya mwisho, na sauti hiyo bado inajitokeza tunaposema nunuliwa na chukuliwa. Ilipofuatwa na kiambishi cha mtendaji, yaani i, l hiyo iligeuka kuwa z, na mtindo huo ukaenea hadi kwenye vitenzi vingine vinavyoishia kwa irabu mbili. Kwa hiyo mtangulizi ni yule anayetangulia au aliyetangulia, basi. Mtu anayewatanguliza wengine angeitwa mtangulizaji, neno ambalo ni nadra kulisikia.

Angalia pia kwamba nomino za namna hii hazibebi wakati. Msimamizi anaweza kuwa anasimamia leo au alisimamia jana, na mnunuzi anaweza kuwa bado yuko sokoni au ameshafika nyumbani na mzigo wake. Vivyo hivyo, neno mtangulizi halituambii lini mtu huyo alitangulia wala yuko wapi sasa. Anayetaka kutuambia hayo hana budi kuongeza maneno mengine, na ndiyo sababu magazeti huandika "mtangulizi wake, marehemu fulani". Kama kifo kingekuwa tayari kimo ndani ya neno mtangulizi, hilo marehemu lingekuwa la ziada na wahariri wangekwisha kuliondoa siku nyingi.

Sasa tuje kwenye sikio la mzee. Kiswahili kina adabu kubwa mbele ya kifo, na mara nyingi hukwepa kulitaja neno kufa. Tunasema mtu amefariki, ameaga dunia, amerejea kwa Mola wake, ametwaliwa, na tunasema pia kwamba ametangulia mbele ya haki. Kauli hii ya mwisho imetumika mno katika matanga, katika matangazo ya redio na katika salamu za rambirambi, hata sehemu yake ya mwisho ikawa haina haja ya kutamkwa: mtu akisema tu "Mzee ametutangulia", kila anayesikia huinamisha kichwa. Waislamu wanapowasalimu watu wa makaburini huwaambia kwamba wao wametangulia na kwamba walio hai, Mungu akipenda, watawafuata, na Wakristo katika sala zao za kuwaombea marehemu huwakumbuka wale waliowatangulia katika imani. Mtu aliyeyasikia hayo kwa miaka sabini hawezi kulaumiwa kwa kuhisi baridi ya kaburi anapolisikia neno la ukoo huohuo.

Lakini tazama kwa makini ni umbo lipi linalobeba kifo. Linalokibeba ni kitenzi, tena kitenzi chenye -me- pamoja na kiwakilishi cha sisi sote tuliobaki, yaani ametutangulia, wametutangulia. Hapo wakati uliotimia unaonyesha hali inayoendelea, yaani amekwenda na hayupo, na hiyo -tu- inaonyesha kwamba anayezungumza anajihesabu kuwa na yeye yumo safarini kuelekea hukohuko. Ukibadilisha viungo hivyo viwili, kifo kinaondoka. "Alinitangulia katika uenyekiti" haimuui mtu. "Ananitangulia kwa darasa moja" haiwezi kumuua kamwe. Na ukifika kwenye nomino, hasa nomino iliyofungwa na nafasi maalumu kwa maneno kama "mtangulizi wangu katika uenyekiti", njia ya makaburini imekwisha kufungwa.

Maandiko ya dini zenyewe, ambayo ndiyo yaliyomlea mzee wako kimsamiati, hayaungi mkono wazo la kwamba anayetangulia ni maiti. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 100, wanatajwa waliotangulia wa kwanza miongoni mwa Muhajirina na Ansari, na wengi wao walikuwa hai aya hiyo ilipoteremka. Kutangulia kwao kulikuwa kutangulia katika kuamini. Ni kweli kwamba tunaposema "wema waliotangulia" tunawakusudia watu wa vizazi vya mwanzo ambao wamekwisha kufa, lakini wamekufa kwa sababu ya umbali wa karne, si kwa sababu ya neno. Kwa upande wa Wakristo, Yohana Mbatizaji ndiye anayeitwa mtangulizi wa Bwana, na kwa masimulizi ya Injili ya Luka umri wake na wa Yesu ulipishana kwa takriban miezi sita tu. Alihubiri jangwani wakati Yesu, ambaye Yohana alikuwa akimtangulia, yuko hai Galilaya. Waraka kwa Waebrania, sura ya 6 mstari wa 20, nao unampa Yesu sifa ya mtangulizi, kwa maana ya aliyeingia kwanza mahali ambapo wengine watafuata. Katika matumizi hayo neno lina uzito ambao ofisini halinao, yaani yule anayekwenda mbele ili kuwaandalia wengine njia. Uzito huo unaweza kusikika kwa mbali hata katika taarifa ya ushirika, na binafsi naona ni jambo jema, kwa maana anayemwita mwenzake mtangulizi anakiri kwamba njia aliikuta imeshapitwa.

Kama mzee ataomba ushahidi wa kidunia, mwonyeshe orodha ya marais wetu. Ali Hassan Mwinyi aliapishwa mwaka 1985, na mtangulizi wake, Mwalimu Nyerere, aliishi hadi tarehe 14 Oktoba 1999. Benjamin Mkapa aliingia mwaka 1995 na mtangulizi wake alikuwa Mwinyi, aliyefariki Februari 2024. Jakaya Kikwete aliingia mwaka 2005, na mtangulizi wake, Mkapa, aliishi hadi Julai 2020. John Magufuli aliingia mwaka 2015, na mtangulizi wake, Kikwete, alihudhuria mazishi yake. Maana yake ni kwamba kuanzia mwaka 1985 hadi Machi 2021 kila rais wa Jamhuri ya Muungano, katika muda wake wote madarakani, alikuwa na mtangulizi aliye hai, na magazeti yaliandika neno hilo bila mtu kushtuka. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 Machi 2021, ndiye rais wa kwanza wa Muungano kukalia kiti ambacho mtangulizi wake alikuwa amefariki. Neno lililotumika kwa Magufuli katika uhusiano huo ni lilelile lililotumika kwa Kikwete. Kilichoongezeka ni hayati.

Jambo la pili ambalo watu hulikosea, na ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko hilo la uhai na kifo, ni kusahau kwamba mtangulizi ni neno la uhusiano. Mtu hawi mtangulizi peke yake kama anavyoweza kuwa mrefu au mkarimu. Lazima awe mtangulizi wa mtu fulani, katika jambo fulani, na sentensi ikiliacha mojawapo bila kulitaja wala kulidokeza, msomaji hupotea. Nimekuwa nikiona katika taarifa nyingi za shule na vyama maneno kama "mtangulizi wa shule hii alijenga vyoo vinne". Shule haikutanguliwa na mtu. Mwalimu mkuu wa sasa ndiye aliyetanguliwa. Iandikwe "mtangulizi wangu katika shule hii", au, kama anayeandika si mwalimu mkuu mwenyewe, "mtangulizi wa mwalimu mkuu wa sasa". Epuka vilevile marudio ya "mtangulizi aliyenitangulia" na "mtangulizi wa zamani", ambayo husema jambo moja mara mbili.

Kwa sababu ni neno la uhusiano katika nafasi, halijali umri wala damu. Félix Tshisekedi, aliyeshika urais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Januari 2019, alizaliwa mwaka 1963, na mtangulizi wake, Joseph Kabila, alizaliwa mwaka 1971. Mtangulizi hapo ni mdogo kwa miaka minane. Kuhusu damu, watu huteleza zaidi. Uhuru Kenyatta alipokuwa rais wa Kenya mwaka 2013, mtangulizi wake alikuwa Mwai Kibaki. Mzee Jomo Kenyatta alikuwa baba yake na alikuwa rais wa kwanza, lakini kati yao walipita Moi na Kibaki, kwa hiyo Mzee anaingia katika wingi, yaani ni mmoja wa watangulizi wa Uhuru, wala hawezi kuitwa mtangulizi wake bila maelezo. Zanzibar ina mfano wa namna hiyo mara mbili: mtangulizi wa Amani Karume mwaka 2000 alikuwa Salmin Amour, si Sheikh Abeid Karume, na mtangulizi wa Hussein Mwinyi mwaka 2020 alikuwa Ali Mohamed Shein, ingawa Mzee Mwinyi alikikalia kiti hicho kwa muda kuanzia mwaka 1984. Kinyume chake ni Kongo ya mwaka 2001, ambako Laurent-Désiré Kabila aliuawa mwezi Januari na mwanawe Joseph akashika madaraka siku chache baadaye; huyo alikuwa baba na mtangulizi kwa pamoja.

Utaona basi kwamba umoja na wingi wa neno hili havifanani kazi. Mtangulizi, katika umoja, ni yule aliye karibu kabisa, aliyekuachia kiti. Watangulizi ni safu yote ya nyuma. Ukitaka kumtaja wa pili kutoka kwako, sema "mtangulizi wa mtangulizi wangu", au, kwa kuwa maneno hayo hulemea yakirudiwa, mtaje kwa kipindi chake. Watanzania tumejipatia njia nzuri ya kutaja awamu, kwamba fulani ni Rais wa Awamu ya Nne, ambayo inaondoa utata wote, na chama chenu kinaweza kuiiga.

Hapa nijibu swali dogo ambalo hukuliuliza lakini litakujia. Vyama vingi hupitia miezi kadhaa ambayo makamu hukaimu baada ya mwenyekiti kujiuzulu au kuugua. Je, mtangulizi wako ni kaimu au ni yule aliyechaguliwa? Kwa maoni yangu, mtangulizi katika cheo ni yule aliyekuwa na cheo chenyewe, na kaimu atajwe kwa kazi aliyoifanya: "makamu mwenyekiti, aliyekaimu nafasi hii". Hati ya makabidhiano, hata hivyo, haifuati cheo bali hufuata mkono. Ndani yake wanaandikwa aliyekabidhi na aliyekabidhiwa, kisha vitu vyenyewe mstari kwa mstari: muhuri, funguo za ghala, daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi, vitabu vya hundi na hundi ya mwisho iliyotumika. Usiandike neno mtangulizi katika hati hiyo. Kama funguo ulizipokea kutoka kwa kaimu, jina lake ndilo linalopaswa kuwa chini ya sahihi, na siku mkaguzi akiuliza, neno mtangulizi halitamsaidia kujua ghala lilikuwa mikononi mwa nani.

Tuingie katika maneno mengine uliyoyataja. Mhenga ni mtu wa kale mwenye hekima, ambaye kwa kawaida hatumjui kwa jina, na neno lake husikika zaidi katika wingi na katika kauli ya "wahenga walisema". Mhenga hana kiti alichokuachia. Huwezi kusema "mhenga wangu katika uenyekiti", na ukimwita hivyo mwenyekiti aliyeondoka mwaka jana utakuwa umemsukuma nyuma karne nzima. Siku hizi vijana mitandaoni humwita mhenga mtu yeyote aliyekula ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, au aliyesikiliza redio ya mkulima, na utani huo una utamu wake, lakini taarifa ya mkutano mkuu si mahali pake.

Mwasisi ni mwenye kuweka msingi. Waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 na kuunda TANU ni waasisi wa TANU. Kwa kiongozi wa chama aliyekuja miaka ishirini baadaye walikuwa pia watangulizi, lakini jina la heshima linalowastahili ni lile la kwanza. Kanuni ninayoitumia ni hii: kila mwasisi ni mtangulizi wa waliomfuata, ila si kila mtangulizi ni mwasisi, na mahali ambapo mtu anastahili kuitwa mwasisi, kumwita mtangulizi tu ni kumpunja. Wazee walioanza kulima na kujenga mahali mlipo sasa, kama wanajulikana, waiteni waasisi wa kijiji. Kama hawajulikani kwa majina, semeni "wazee waliotutangulia kukaa hapa" au "mababu zetu". Watangulizi, likisimama peke yake katika muktadha huo, lingeonekana kana kwamba kulikuwa na cheo cha ukazi ambacho watu walikabidhiana.

Jambo hilohilo huonekana katika sanaa, ambako hakuna kiti. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi na kutunga kabla ya Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, aliimba kabla ya Bi Kidude. Naweza kusema Muyaka alimtangulia Shaaban Robert na Siti alimtangulia Kidude, na sentensi zote mbili ni nyoofu. Nikisema "Siti alikuwa mtangulizi wa Kidude" ninakuwa nimesema zaidi ya hapo, yaani kwamba Kidude alishika mahali pa Siti, na hilo ni dai linalohitaji hoja. Kitenzi hutaja tu nani alikuwa mbele. Nomino huunda nafasi na kuwaweka watu wawili ndani yake. Anayeandika historia ya fani yoyote azingatie tofauti hiyo kabla ya kuchagua.

Mstaafu ni neno la hadhi, na halina uhusiano wa lazima na aliyefuata. Humwelezea mtu aliyeondoka katika utumishi kwa heshima, kwa kufikia umri au kumaliza muda wake, naye huendelea kuitwa hivyo akiwa hai. Kwa hiyo Kikwete ni rais mstaafu, lakini Magufuli, aliyefariki akiwa madarakani, hakuwahi kuwa mstaafu hata siku moja. Kama mwenyekiti wenu alimaliza kipindi chake na hakugombea tena, "mwenyekiti mstaafu" litamfaa na litampendeza. Kama aligombea akashindwa, watu wengine huona neno hilo ni la kumfariji, na mimi ningechagua "mwenyekiti aliyemaliza muda wake". Kama aliondolewa na mkutano mkuu, "aliyekuwa mwenyekiti" inatosha, kwa kuwa inataja ukweli bila kusifu wala kushutumu. Angalia kwamba katika hali zote tatu anabaki kuwa mtangulizi wako. Neno hilo halikuulizi aliondokaje, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu anayeandika taarifa mbele ya wanachama waliogawanyika.

Kuhusu vyama, ushirika wa kahawa wenyewe unatupa mfano. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, kilichojulikana kwa kifupi kama KNPA, na baada yake ndipo kikaja chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Je, KNPA ni mtangulizi wa KNCU? Wapo wanaoandika hivyo, na maana inaeleweka, lakini mtangulizi ni nomino ya watu, ya ngeli ya A-WA, na ukiitumia kwa chama utajikuta unayumba kati ya "mtangulizi huyu alikuwa" na "chama hiki kilikuwa" ndani ya aya moja. Kitenzi kinakutoa katika taabu hiyo: "KNCU kilitanguliwa na KNPA", au "KNPA, chama kilichokitangulia KNCU". Ndivyo ninavyopendekeza pia kwa taasisi nyingine, kama tunaposema kwamba Umoja wa Afrika wa mwaka 2002 ulitanguliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioundwa mwaka 1963. Ukweli mwingine unaokuhusu ni kwamba deni lililokopwa na mtangulizi wako kwa niaba ya chama si deni la mtangulizi. Ni la chama. Katika taarifa yako usiandike "madeni ya mtangulizi wangu" pale unapokusudia madeni ya chama yaliyoingiwa katika kipindi chake. Maneno hayo mafupi yanaweza kumchafulia mtu jina kwa jambo ambalo bodi nzima iliidhinisha.

Sasa sentensi yako. Ingekuwa mimi, ningeiandika hivi: "Napenda kumshukuru mtangulizi wangu katika nafasi hii, Mwenyekiti mstaafu Mzee fulani, ambaye tuko naye hapa ukumbini, kwa kunikabidhi ofisi ikiwa na vitabu vilivyokamilika." Maneno "katika nafasi hii" yanataja jambo mlilotanguliana ndani yake, "mstaafu" linampa heshima yake, na "ambaye tuko naye hapa" linaondoa hofu ya mzee wa bodi bila kumbishia hadharani. Siku ukimtaja mwenyekiti aliyefariki, andika "marehemu Mzee fulani, aliyekuwa mwenyekiti wetu katika kipindi cha pili", na kama alikuwa mtu wa sifa kubwa katika eneo lenu, hayati nalo litakubalika. Mzee wa bodi mwendee nyumbani, usimjibu kikaoni. Mweleze kwamba ametutangulia ni neno la msiba kama anavyolijua yeye, na kwamba mtangulizi wangu ni neno la ofisi. Nadhani atakuelewa, kwa kuwa yeye mwenyewe amelisikia redioni kila nchi ilipobadilisha uongozi.

Na ubao wa ofisini, usiuandike "Watangulizi Wetu". Ubao huo utakuwa na jina lako pia, na wewe si mtangulizi wako mwenyewe; halafu hiyo "wetu" itakuwa ya nani, ya wenyeviti au ya wanachama, ambao hawakuwahi kukikalia kiti hicho? Andikeni "Wenyeviti wa Chama Tangu Kuanzishwa", kisha jina na miaka ya kila mmoja, ya kuingia na ya kutoka, na mbele ya jina la anayeongoza sasa uandikwe mwaka wa kuingia pekee. Wa kwanza kabisa muongezeeni neno mwasisi kama kweli alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama, na nafasi chini ya jina lako muiache wazi, pana ya kutosha majina kadhaa.